Goti Linalosagika: Maswali Yanayowatatiza Wanafunzi wa Udaktari

Mgonjwa anasema mafuta ya goti yameisha. Nimkubalie?

Usimcheke, ila usimwache na imani hiyo. Ute wa goti hauishi kama oili ya injini. Goti lililosagika mara nyingi hata huvimba kwa ute kuzidi. Kinacholika ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na mfupa nao huota vijipembe kando. Anayeamini mafuta yameisha huacha kutembea, msuli wa paja husinyaa, goti linakosa wa kulishikilia.

Lazima eksirei?

Mara nyingi hapana. Umri wa miaka 45 au zaidi, maumivu yanayokuja na shughuli, ukakamavu wa asubuhi usiozidi dakika 30: yanatosha kuutambua usagikaji wa goti. Hapa ndipo wengi huteleza, maana wamekariri madaraja ya Kellgren na Lawrence ya mwaka 1957, yanayopima kwa eksirei goti limesagika kiasi gani, kuanzia 0 hadi 4, wakasahau kuuliza, "Ukishuka ngazi inakuwaje? Ukichuchumaa?" Kuna mwenye picha mbaya asiyeumwa kabisa, na mwenye picha safi anayechechemea. Ukiagiza eksirei, apigwe picha akiwa amesimama; akilala, nafasi kati ya mifupa huonekana pana kuliko ilivyo.

Nisipitwe na nini?

Goti la moto lililovimba ghafla, hasa pakiwa na homa, lihesabu kuwa lina usaha mpaka ithibitike vinginevyo: livutwe maji siku hiyohiyo. Ukakamavu wa zaidi ya saa nzima na vidole vilivyovimba ni dalili za baridi yabisi. Na uizungushe nyonga pia. Maumivu ya nyonga mbovu huweza kusikika gotini.

Nimwandikie nini?

Mazoezi kwanza, tena umwonyeshe palepale. Akae kitini, anyooshe mguu mpaka goti linyooke kabisa, ahesabu hadi 5, aushushe taratibu. Mara 10 kila mguu, kila siku. Kuuma kidogo si kosa. Maumivu yakilala naye hadi kesho yake, apunguze idadi. Mwenye uzito mkubwa, kila kilo anayopunguza humwondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kupaka itangulie ya vidonge. Vidonge huchubua tumbo, hupandisha presha na huumiza figo, na wagonjwa hawa wengi ni wazee wenye presha tayari.

Na mkongojo?

Mkono wa upande mzima, si upande unaouma. Mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia.