Vyama vya vijijini Uingereza vinavyoshawishi sheria, na kwa nini maandamano peke yake hayatoshi

Tarehe 22 Septemba 2002 watu wapatao 400,000 waliandamana katikati ya London kutetea uwindaji wa mbweha kwa mbwa na, kwa upana zaidi, maisha ya vijijini. Walioandaa ni Countryside Alliance, muungano ulioundwa mwaka 1997. Miaka miwili baadaye waliyokuwa wakiyapinga yakatimia. Malodi, wajumbe wa baraza la juu la Bunge wasiochaguliwa na wananchi, waliukataa muswada wa kupiga marufuku uwindaji huo, lakini Bunge la Makabwela, yaani la wabunge waliochaguliwa, likatumia Sheria za Bunge za 1911 na 1949, zinazoliruhusu kupitisha muswada bila ridhaa yao. Sheria ya Uwindaji ikapitishwa Novemba 2004 na kuanza kutumika England na Wales Februari 2005. Wapinzani walikwenda mahakamani wakidai kwamba Sheria ya 1949 yenyewe ni batili. Oktoba 2005 wakashindwa huko pia.

Umati ule haukushindwa kwa uchache wala kwa kukosa hoja. Chama tawala cha wakati huo, Labour, kilikuwa kimeahidi katika ilani yake ya 1997 kura huru kuhusu suala hilo, na wabunge wake wengi walitoka majimbo ya mjini, ambako hakuna aliyehofia kupoteza kiti kwa sababu ya mbweha. Hesabu ya kura ilikuwa imekwisha kabla mabango hayajapakwa rangi.

Sasa tazama NFU, chama cha wakulima cha England na Wales kilichoanzishwa mwaka 1908. Sheria ya Kilimo ya 1947 ilimtaka waziri ashauriane kila mwaka na wawakilishi wa wazalishaji wakati wa kupitia bei zilizodhaminiwa na serikali. Chama hicho kikawa na kiti mezani bila kupiga kelele. Serikali ilihitaji vitu viwili ambavyo haikuweza kuvipata kirahisi kwingine: takwimu za gharama za uzalishaji, na mtu wa kuwashawishi wakulima waukubali uamuzi ukishatolewa. Anayeleta hivyo viwili huitwa kabla ya rasimu kuandikwa. Asiyeleta hubaki barabarani.

Mlango wa kwanza ni waraka wa kukusanya maoni. Wizara huutoa ukiwa na maswali yenye namba, na muda wa kujibu kwa kawaida ni wiki chache, mara nyingi hadi 12. Jibu zuri hufuata namba za maswali, hutoa gharama halisi kutoka mashamba ya wanachama kwa ukubwa na aina ya shamba, kisha hupendekeza maneno mbadala. Vyama vingi huharibu hapa kwa kuwapa wanachama barua moja ya kunakili. Maofisa huzitambua mara moja, huziweka fungu moja na kuziripoti kama kampeni: barua elfu kumi, hoja moja. Barua ishirini zinazotofautiana, kila moja na mahesabu yake, zina uzito kuliko hizo.

Muswada ukishafika bungeni, kazi hugeuka kuwa ya kalamu. Anayeruhusiwa kuwasilisha rekebisho ni mbunge au lodi tu, kwa hiyo chama huandika maneno yenyewe na kumtafuta wa kuyabeba. Karatasi hiyo ni fupi mno. Kwa mfano: “Kifungu cha 12, ukurasa wa 9, mstari wa 4, baada ya ‘Waziri’ ongeza ‘baada ya kushauriana na wawakilishi wa wenye ardhi’.” Chini yake huwekwa sentensi moja au mbili za kueleza kusudi. Mengi ya marekebisho haya hayakusudiwi hata kupigiwa kura. Mbunge huyawasilisha ili waziri alazimike kusimama na kueleza kifungu kinamaanisha nini, kisha huyaondoa. Faida yake ni ya kudumu, kwa kuwa tangu hukumu ya Pepper v Hart ya mwaka 1992 majaji wanaweza kuitazama kauli ya waziri bungeni pale maneno ya sheria yanapokuwa na utata. Kwa Malodi kuna nafasi kubwa zaidi, maana huko hakuna spika wa kuchagua marekebisho yapi yajadiliwe na yapi yaachwe.

Anayetaka kuona alama za vidole za pande mbili ndani ya sheria moja aisome Sheria ya Maeneo ya Mashambani na Haki za Njia ya mwaka 2000. Watembeaji walikuwa wameidai haki hiyo tangu zamani. Aprili 1932 mamia yao waliingia kwa makusudi kwenye mlima wa Kinder Scout, na baadhi wakafungwa. Sheria ya 2000 iliwapa haki ya kutembea kwa miguu katika milima, nyika na ardhi ya jumuiya iliyosajiliwa. Lakini mwenye ardhi anaweza kufunga eneo hadi siku 28 kwa mwaka bila kuomba kibali, mbwa lazima awe na kamba isiyozidi mita 2 kati ya 1 Machi na 31 Julai, na mwenye ardhi habebi dhamana mtu akiumizwa na maumbile ya asili ya ardhi, kama jabali au korongo. Ndivyo mapatano yanavyoonekana yakishaandikwa: vipimo na tarehe.

Ombi la sahihi mtandaoni lina kazi yake, ila lisipewe sifa lisizostahili. Katika mfumo wa Bunge, sahihi 10,000 huleta jibu la serikali na 100,000 hufanya ombi lifikiriwe kujadiliwa. Mwaka 2020 NFU ilikusanya sahihi zaidi ya milioni moja, kwa ombi lake yenyewe, kupinga chakula cha nje kinachozalishwa kwa viwango vya chini. Makabwela walikataa rekebisho la kuweka masharti ya viwango hivyo kwenye sheria. Walichopata wakulima ni kifungu cha 42 cha Sheria ya Kilimo ya 2020, kinachoitaka serikali ilipe Bunge taarifa kuhusu mikataba ya biashara, pamoja na tume ya ushauri. Si haba, lakini taarifa haizuii shehena bandarini.

Vipo vikwazo vya kawaida ambavyo vyama vidogo hujikwaa navyo. Kilimo na ardhi ni mambo ya bunge la Scotland kwa upande wa Scotland, na huko uwindaji kwa mbwa ulipigwa marufuku mapema, mwaka 2002. Kumwandikia waziri wa London kuhusu shamba la Scotland ni kupoteza stempu. Chama kilichosajiliwa kama shirika la hisani kinaruhusiwa kudai sheria, hakiruhusiwi kufanyia kampeni chama cha siasa.

Kisha zinakuja kanuni ndogo, ambazo wizara huziandika chini ya sheria iliyokwishapitishwa, na wengi huzisahau kwa sababu sherehe imeshapita. Viwango, fomu na tarehe huwekwa humo, na Bunge kwa kawaida haliwezi kuzirekebisha, linazikubali au kuzikataa zilivyo. Kuzikataa ni nadra mno: mara ya mwisho Makabwela kubatilisha kanuni ya aina hiyo ilikuwa 1979, kuhusu bei ya mafuta ya taa. Kwa hiyo maneno yanayohitaji kubadilishwa lazima yabadilishwe yakiwa bado mezani kwa ofisa anayeyaandika, na chama kinachomjua ofisa huyo kwa jina hupiga simu wiki ileile rasimu inapoanza.