Mlowezi ni nani hasa? Tumtazame John Howland wa Plymouth

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mtu aliyetoka kwao. Kuna mgeni, mkimbizi, mhamiaji, na kuna mlowezi. Hilo la mwisho limetokana na kulowea: kufika ugenini, ukakaa, ukapazoea, safari ya kurudi ikafa. Kwa asili yake halina ubaya. Mtu wa Lamu anaweza kulowea Mombasa na asimkere mtu. Ila ukilitaja Kenya, wengi watamwona mzungu wa Nyanda za Juu mwenye shamba lisiloonekana mwisho na hati ya kukodi ardhi miaka 999, na hapo neno linabadilika ladha.

Ladha hiyo haikuja bure. Mhamiaji akifika hukuta sheria za watu akazifuata. Akitaka kiwanja huuliza mwenyewe ni nani. Mlowezi huja na sheria yake mkononi, tena huhesabu ardhi kuwa haina mwenyewe mpaka yeye aipime. Kulielewa hilo vizuri nadhani inafaa kumfuata mtu mmoja na nyumba yake, tangu siku ya kupanda chombo hadi watoto wake walipokuwa watu wazima. Namchukua John Howland, mmoja wa Waingereza 102 walioabiri merikebu ya Mayflower mwaka 1620 wakaanzisha mji wa Plymouth, katika jimbo ambalo leo ni Massachusetts, Marekani.

Simchukui kwa ukubwa wake. Gavana wa kwanza alikuwa John Carver, na Howland alikuwa mtumishi wa Carver, kijana wa kutoka Fenstanton, Uingereza. Utumishi wa wakati ule ulikuwa wa mkataba: bwana anakulipia nauli na chakula, wewe unamfanyia kazi kwa miaka mliyopatana.

Karibu asifike. Katikati ya Atlantiki tufani ilichachamaa hadi mabaharia wakakunja matanga na kuiacha merikebu ielee tu. Howland akapanda sitahani, labda kwa kuchoshwa na harufu ya watu waliobanana chini, merikebu ikayumba, akatumbukia baharini. Bahati yake, henza, kamba ya kupandishia tanga la juu, ilikuwa imeachwa ikiburuta majini. Akaidaka. William Bradford, aliyeandika habari za safari ile na baadaye akawa gavana, anasema kijana alizama pima kadhaa lakini hakuiachia kamba, mpaka wakamvuta juu na kumnasa kwa mti wenye ngoe. Aliugua kidogo, akapona. Kila mtoto na mjukuu nitakayemtaja hapa chini alining'inia kwenye henza ile.

Tarehe 11 Novemba 1620, kwa kalenda yao ya zamani, wakiwa wametia nanga mbele ya rasi ya Cape Cod na bado hawajajenga hata kibanda, wanaume 41 walitia saini karatasi fupi. Kibali walichopewa Uingereza kilihusu eneo la Virginia, kusini zaidi, kwa hiyo hapa hakikuwa na nguvu, na baadhi ya abiria walikwisha anza kusema kwamba wakishuka kila mtu atakuwa bwana wa nafsi yake. Karatasi ikawafunga wawe jumuiya moja itakayojitungia sheria na kuzitii. Ndiyo Mkataba wa Mayflower. Howland alisaini ingawa alikuwa mtumishi, wanawake hawakuulizwa. Watu waliokuwa wakiishi ufukweni pale hawakuulizwa pia, na sidhani kama wazo hilo lilimpitia mtu yeyote mle chomboni. Sheria iliandikwa melini, nchi ikafuata.

Majira ya baridi ya kwanza yaliua karibu nusu yao. Elizabeth Tilley, msichana wa miaka 13 hivi, alikuja na baba na mama. Wote wawili walikufa. Carver naye alikufa masika ya 1621, mkewe akafuata baada ya wiki chache. Mtumishi hana bwana tena, binti hana wazazi. Miaka miwili mitatu baadaye wakaoana.

Mahali walipojenga palikuwa na jina na wenyewe. Ni Patuxet, kijiji cha Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, kilichobaki mahame kwa sababu ya ugonjwa ulioikumba pwani ile kati ya 1616 na 1619. Ndiyo maana walikuta mashamba yamekwisha fyekwa. Mtu mmoja wa Patuxet alikuwa hai: Tisquantum, ambaye nahodha Mwingereza alimteka mwaka 1614 akaenda kumuuza Hispania, akapata njia ya kufika Uingereza na hatimaye kurudi kwao, asikute mtu. Huyo ndiye aliyewafundisha wageni kupanda mahindi na kufukia samaki shimoni pamoja na mbegu ili udongo upate nguvu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; Tisquantum alitoa jembe na somo lake. Kabla ya hapo wageni walikuwa wamefukua mahindi ya akiba yaliyozikwa mchangani Cape Cod na kuyachukua, ingawa baadaye waliyalipia.

Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, alifanya nao mkataba wa amani Machi 1621. Watu wake walikuwa wamepungua kwa maradhi, na majirani zao Wanarragansett walikuwa na nguvu. Alihitaji rafiki mwenye bunduki. Kwake yeye hawa walikuwa wageni aliowapa nafasi. Kwao wao walikuwa wenye mji.

Na hili neno mji lina kazi hapa. Mji wa walowezi wa New England, ndiyo pande hizo za kaskazini mashariki ya Marekani, haukuwa rundo la nyumba tu. Ulikuwa kama chama chenye wanachama, na kiungo chake ni kaya. Miaka ya mwanzo walilima shamba moja kwa sababu walikuwa na deni la wafanyabiashara wa London waliogharimia safari. Mwaka 1623 wakagawana vipande, ekari moja kwa kichwa, na kwa maelezo ya Bradford hata akina mama wakaenda shambani kwa hiari na watoto wao. Mwaka 1627 wakagawana mifugo. Hapa daftari linapendeza: watu 156 waliwekwa katika makundi 12 ya watu 13, na kila kundi likapewa ng'ombe wake. Kundi la nne ni la John Howland, na ndani yake wamo mkewe Elizabeth, watoto wao Desire na John, na familia ya John Alden. Walipata mtamba mmoja aliyeitwa Raghorn, jina linalodokeza kwamba pembe yake ilikuwa na kasoro. Watu 13, mtamba mmoja. Hapo ndipo mtu aliyekuja bila hata jasho lake mwenyewe anaonekana kwenye orodha akiwa mkuu wa kundi.

Kutoka hapo alipanda haraka. Alikuwa miongoni mwa wanane waliolibeba deni la London, pauni 1,800, kwa sharti kwamba biashara ya manyoya iwe yao kwa miaka kadhaa. Manyoya yenyewe yalikuwa ya biva, mnyama wa mtoni aliyetakiwa sana na watengeneza kofia wa Ulaya. Mwaka 1634 Howland ndiye aliyesimamia kituo chao mto Kennebec, huko Maine, mwaka ambao Mwingereza wa koloni jirani alilazimisha kupita afanye biashara juu ya mto, watu wawili wakapigwa risasi wakafa, mmoja kila upande. Kumbuka: Waingereza kwa Waingereza, wakigombea haki ya kununua ngozi kwa Waabenaki, wenyeji wa huko. Plymouth kwenyewe alihesabiwa mwanamji huru, yaani mwenye kura na anayeweza kuchaguliwa. Akawa msaidizi wa gavana, kisha mjumbe wa mahakama kuu, ndilo baraza la kutunga sheria la koloni, kwa miaka mingi. Mwaka 1638 alinunua shamba Rocky Nook, nje kidogo ya mji, akakaa huko hadi kufa.

Elizabeth alizaa watoto kumi: Desire, John, Hope, Elizabeth, Lydia, Hannah, Joseph, Jabez, Ruth na Isaac. Wote walikua. Kwa karne ile, na baada ya majira ya baridi aliyoyaona akiwa na miaka 13, hilo ni jambo la kustaajabisha. Kuna Kiswahili kinachoita tumbo la uzazi mji, na kwa Elizabeth Tilley maana zote mbili zinakutana. Marais Franklin D. Roosevelt na akina Bush wawili, baba na mwana, wanatokana na uzao huo.

Howland alikufa Februari 1673, akiwa na zaidi ya miaka 80. Ni hapa ambapo habari za familia hii zinapaswa kusomwa pamoja na za familia nyingine. Massasoit naye alikuwa na wana. Wamsutta, mkubwa, alikufa mwaka 1662 muda mfupi baada ya kuitwa na wakuu wa Plymouth ajieleze. Mdogo wake, Metacom, alirithi nchi inayopungua kila mwaka, kwa sababu watoto kumi wa kila mlowezi wanahitaji mashamba kumi. Juni 1675 vita vikaanza kati yake na walowezi. Jabez Howland alipigana chini ya Kapteni Benjamin Church. Agosti 1676 Metacom aliuawa kwenye makao yake, Mount Hope. Kichwa chake kikatundikwa kwenye mti Plymouth, na mwanawe wa miaka tisa akauzwa utumwani.

Mwaka 1680 Jabez aliuza nyumba yake ya Plymouth, ambayo bado imesimama na watalii huingizwa, akahamia mji mpya wa Bristol na kuwa miongoni mwa walowezi wake wa kwanza. Bristol ulijengwa juu ya ardhi ya Mount Hope. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye tangu ujane, alienda kukaa kwa binti yake Lydia huko Swansea, mji ambamo vita vilianzia. Alikufa huko Desemba 1687, na miaka yake 80.