Kidonda Kimepona, Moyo Je?

Mzee mmoja wa Wete alikuja kliniki miezi minne baada ya kubadilishiwa vali ya aota Dar es Salaam. Kabla sijamuuliza hali, alishafungua vifungo vya shati. "Daktari, tazama. Kimefunga. Msimu huu napanda mkarafuu." Kweli, mfupa wa kifua ulikuwa umeunga vizuri. Lakini ninachokitafuta mimi hakionekani kwa kufungua shati.

Vali ya aota ni mlango ambao damu hutokea kwenye chumba cha chini cha kushoto cha moyo kwenda mwilini. Ukiwa mzima, uwazi wake ni sentimita za mraba 3 hadi 4. Ukisinyaa ukawa chini ya 1, ugonjwa ni mkali, na moyo unageuka hamali. Mwangalie hamali wa bandari ya Malindi aliyevuta mkokoteni miaka mingi, alivyojaa misuli ya miguu. Mwondolee mzigo leo. Kesho miguu yake haitakuwa ya karani. Ukuta wa moyo ndivyo ulivyo: wa milimita 9 au 10 unaweza kunenepa ukafika 15, na vali mpya haiupunguzi kwa siku moja. Huchukua miezi, mara nyingi mwaka na zaidi. Presha ikiachwa juu, haupungui ipasavyo, maana mzigo umeondoka mlangoni ukarudi kwenye mishipa. Na kovu lililokwisha kujengeka ndani ya msuli, ambalo MRI hulionesha vizuri zaidi, halifutiki.

Kipimo chetu cha kila siku ni eko. Ni mawimbi ya sauti, hayana mionzi. Unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli (ni baridi, tuwie radhi), kisha kichwa cha mashine kinapitishwa kati ya mbavu. Ukisikia "fuu, fuu" usishtuke, ni mwendo wa damu yako umegeuzwa sauti.

Eko ninayoithamini kuliko zote ni ile ya kwanza baada ya upasuaji, inayopigwa ndani ya miezi 3 hivi. Hakuna vali ya bandia inayopitisha damu sawasawa na ya kuzaliwa nayo. Vali ya namba 19, iliyo ndogo, hubana kuliko ya namba 25, hata zote zikiwa nzima. Kwa hiyo tarakimu moja peke yake hainiambii mengi. Tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za vali, kwa milimita za zebaki, ikiwa 14 mwaka huu na 14 mwakani, nalala usingizi. Ikiwa 8 ikapanda hadi 24, silali: huenda damu imeganda kwenye vali ya chuma kwa sababu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilirukwa, au vali ya tishu imeanza kuchakaa. Upungufu wa damu na homa navyo huipandisha, basi tuambie mapema. Tena mwenye vali ya bandia akipata homa asikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki. Aje kwanza atolewe damu ipimwe, kwani wadudu wanaweza kuwa wamekaa kwenye vali.

Wagonjwa hupenda kuuliza, "Moyo wangu asilimia ngapi?" yaani kila pigo unasukuma nje sehemu gani ya damu iliyomo chumbani. Wakisikia 60 wanashukuru. Mimi hushukuru nusu. Moyo mnene wenye chumba kidogo unaweza kusukuma asilimia 60 huku nyuzi zake za urefu zimechoka, ndiyo maana siku hizi tunapima pia jinsi msuli unavyojikunja kwa urefu.

Mzee wetu aliacha karatasi ya eko ya Dar es Salaam nyumbani. Tukampigia mwanawe, akaipiga picha, akaituma kwa WhatsApp. Shinikizo lilikuwa 13, siku ile nikapata 14. Ukuta ulikuwa 15, sasa 13. Presha yake ndiyo iliyonikera: 162 juu.

Nikamwambia vali iko salama, moyo umeanza safari, dawa ya presha tunaongeza, na karatasi zote ziwe zinakuja naye katika mfuko mmoja. Mkarafuu hapana, si kwa sababu ya kidonda: anakunywa warfarini, na akianguka damu inaweza kuvuja ndani bila kukata.

Alifunga vifungo kimoja kimoja, akafikiri. "Basi wapande vijana, daktari. Mimi nitakaa barazani nichambue."