Maombolezo ni nini katika maisha ya Mkristo

Misibani kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Tukuyu mpaka Makete, kuna mstari wa Ayubu ambao karibu kila mtu anaujua kwa moyo: Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe. Mchungaji huusoma kaburini, na hata mwenyekiti wa mtaa akisimama kutoa salamu za serikali huuchomekea. Mstari huo uko sura ya 1. Kitabu kina sura 42, na ile ya 3 inaanza na Ayubu yuleyule akiilaani siku aliyozaliwa. Hiyo sijawahi kuisikia ikisomwa msibani.

Sura ya 3 ni maombolezo, yaani sala ya mtu aliyeumia. Anamweleza Mungu waziwazi kinachomuuma, anamuuliza kwa nini, pengine kwa hasira, lakini bado ni Mungu huyohuyo anayemlilia. Wala haihitaji kuwe na matanga. Mtu huomboleza kwa ndoa iliyovunjika, kwa kukosa mtoto, kwa shamba la viazi kule Uporoto lililopigwa na ugonjwa wa ukungu huku deni la mbolea likimsubiri.

Wengi tumelelewa kuamini kwamba Mkristo aliyekomaa hujibu "namshukuru Mungu" hata moyo ukiwaka moto. Zaburi hazisemi hivyo. Kati ya zile 150, karibu theluthi moja huhesabiwa kuwa maombolezo. Zaburi ya 13 inafungua kwa kumuuliza Bwana atamsahau mwombaji hata lini. Nyingi huanza na kilio zikaishia kwenye sifa, ila ya 88 inaanza gizani na kumalizikia gizani, na waliokusanya kitabu waliiacha hivyohivyo, bila kuibandika haleluya mwishoni. Yesu mwenyewe msalabani alitamka maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22: Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha? Aliyejiona ameachwa bado alikuwa akiita "Mungu wangu".

Je, hiyo si sawa na kunung'unika, jambo lililowaponza Waisraeli jangwani? Kitabu cha Hesabu kinaonyesha tofauti vizuri. Katika sura ya 14 watu wanalia usiku kucha, wanashauriana wao kwa wao, mwisho wanataka kuchagua kiongozi wa kuwarudisha Misri. Walimsema Mungu, hawakusema naye, na safari ya kumwacha ilikuwa imeshapangwa. Lakini sura ya 11 Musa naye amechoka, tena vibaya. Anamwambia Mungu kwamba mzigo wa watu hawa umemshinda, na kama ndivyo atakavyotendewa basi heri auawe. Hakukemewa. Aliambiwa akusanye wazee 70 wa kumsaidia kuubeba.

Kwa hiyo kukaa karibu na Mungu wakati wa jaribu hakupimwi kwa macho makavu. Cha kuogopa zaidi ni ule ukimya wa mtu aliyeacha kumwambia Mungu lolote, ingawa kwaya anaimba na sadaka anatoa. Aliyeishiwa maneno anaweza kuazima ya Zaburi na kuyasoma kwa sauti. Kanisa la Moravian, lililofika Rungwe mwaka 1891, lina desturi ya neno la siku, ambayo huko Ulaya ilianza kuchapwa mwaka 1731: mstari umeshachaguliwa, wewe unaamka na kuusoma. Siku ambayo hata kufungua Biblia ni kazi, mstari mmoja unatosha.

Nyanda zetu hizi zina majaribu yanayokuja na lawama juu yake. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, Njombe iliongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa na Mbeya zikifuata. Anayeishi na virusi hupata wahubiri wengi wa kumwambia atubu, na wengine humshauri aache dawa ili kuonyesha imani. Dawa asiache, kuzimeza hakumpunguzii mtu imani hata chembe. Na hayo ya kumtafutia mgonjwa dhambi iliyojificha ndiyo waliyoyafanya rafiki zake Ayubu. Mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena Ayubu, yule aliyekuwa analalamika muda wote.

Tusiwanyime haki yao, hata hivyo. Walipofika mara ya kwanza waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa. Waliharibu walipoanza kuhubiri.