Kipeere cha Kamerun si Kipere cha Lubero

Msomaji wa Kongo akisikia "Kipere" atawafikiria Wapere wa Lubero, Kivu Kaskazini. Hao lugha yao ni ya Kibantu, na Guthrie, mtaalamu aliyepanga lugha za Kibantu kwa namba, aliipa D31. Wapeere ninaowaandikia hapa ni wa Kamerun: wako nyanda za Adamaoua, pande za Tignère, Mayo-Baléo na Kontcha, hadi Béka katika Mkoa wa Kaskazini. Wachache wako Nigeria.

Kipeere ni lugha ya kundi la Adamawa, ndani ya Niger-Kongo, kwa hiyo kwa Kiswahili ni jamaa wa mbali sana. Angalia ngeli. Sisi tunazitanguliza: mtu, watu. Katika lugha za Adamawa, pale zilipobaki, hukaa mkiani mwa nomino. Hata Fulfulde, ambayo ni ya tawi jingine na ndiyo lugha ya kuelewana eneo lote hilo, hufanya vivyo hivyo: pullo ni Mfulani mmoja, fulɓe ni wengi. Mkia umebadilika, na herufi ya kwanza nayo imegeuka.

Kinachowapoteza wanaotafuta habari za Kipeere ni majina yake mengi. Nyaraka za zamani zinasema Kutin (Koutine kwa Kifaransa), Kotopo au Potopo. Mwanaisimu Greenberg, alipopanga lugha za Afrika mwaka 1963, aliorodhesha Kotopo na Kutin kila moja kivyake. Ukihesabu kwa majina utapata lugha mbili penye moja. Tafuta kwa majina yote. Ukiandika "Pere" tupu utaletewa "père", yaani baba kwa Kifaransa, au Mbre ya Côte d'Ivoire, ambayo nayo huitwa Pere. Msimbo wake wa ISO, yaani herufi tatu za kimataifa za kuitambulisha lugha, ni pfe. Tafadhali usibahatishe per: huo ni wa Kiajemi.

Kwenye uandishi, Kamerun ina alfabeti ya pamoja ya lugha zake tangu 1979. Irabu ndefu huandikwa maradufu, hivyo usiikate "ee" ya Peere ikabaki moja. Herufi ɓ na ɗ si b na d zilizopambwa. Ni sauti nyingine, pumzi ikivutwa ndani, na ukizibadilisha umebadilisha neno. Alama za toni ndizo hupotea kwanza maandishi yakitolewa kwenye picha ya karatasi. Kabla ya kuhifadhi orodha yoyote ya maneno, fungua ukurasa wa asili, ulinganishe irabu moja moja.