Kulaza boti ya tanga mchangani: Pwani unafuata mwezi, Kigoma unafuata upepo

Vijana wa huku Kigoma wanaopata kazi kwenye boti za tanga kule Pwani wananiuliza sana boti inalazwaje mchangani kule bila kuvunjika, na wale wa Pwani wakija huku wananiuliza hilo hilo kuhusu ziwa, kwa hiyo naandika mara moja yaishe.

Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina karibu mita 1,470 ila mwezi haulisumbui. Bahari ya Hindi mambo mengine kabisa, Unguja na Dar kwenye bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yanapanda na kushuka karibu mita 4, mara mbili kwa siku, yaani pale ulipoelea saa kumi jioni, saa nne usiku unapita na ndala. Ndo maana wenzetu wanakwangua na kupaka rangi chini ya boti bila winchi, wanasubiri maji yaondoke wanafanya kazi, maji yakirudi wanaelea wanaenda zao.

Sasa kupata sehemu salama. Kwangu sheria ni moja tu, usilaze boti mahali ambapo hujapaona pakiwa pakavu. Nenda kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, na ukichagua siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, ukanda huo maji yanakauka kwenye saa nne asubuhi hivi kwa hiyo una mwanga wa kutosha. Beba kipande cha nondo uchomeke kila hatua pale mkuku, ule uti wa chini wa boti, utakapokaa, kikigoma mapema hapo pagumu, kikizama chenyewe hadi mkono unagusa mchanga hayo ni matope, ondoka. Matope yanaunyonya mkuku, maji yanapanda boti haipandi. Mchanga wenye mistari mistari ambao kisigino kinaacha alama ndogo tu, huo ndo unautaka. Angalia pia jiwe mojamoja, maana maji yanachimba shimo pembeni ya jiwe na boti ikikaa nusu shimoni inapinduka. Penye mikoko mi sihangaiki hata kuchomeka nondo, najua ni matope.

Boti ya mikuku miwili inakaa yenyewe. Yenye mmoja mrefu inataka gadi, yaani nguzo ya kuiegemeza, kila upande, na chini ya gadi weka ubao mpana isizame. Kama utaiacha ilale upande, hakikisha inalalia upande wa nchi kavu, kwa sababu ikilalia baharini maji yanaporudi yanaingia juu ya sitaha kabla haijanyanyuka.

Halafu tarehe, hapa ndo wengi wanaumia. Usipande ufukweni kwenye kilele cha bamvua, maana maji ya siku zinazofuata hayatafika pale juu tena mpaka bamvua nyingine, ambayo ni wiki mbili, utakaa hapo unauza sura. Panda siku ambazo maji bado yanaongezeka, ingia yakiwa yameanza kushuka, na nanga ipeleke kwenye kina kirefu kabla hujakauka ili uwe na kitu cha kujivutia. Bagamoyo vyombo vinakaa hivyo mchangani kila siku.

Kinachovunja boti kwa kweli siyo kukauka, ni zile dakika ambazo haijaelea wala haijakaa, kila wimbi linainyanyua na kuibwaga. Pwani dakika hizo zinapita maji yakishuka, zinarudi yakipanda, basi. Huku ziwani hazipiti! Ukiacha boti nusu majini nusu mchangani Ujiji na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikaamka usiku, itagongwa mpaka asubuhi, hakuna maji yatakayoondoka kukuokoa. Kwa hiyo huku chagua moja, ivute yote nje au iache yote ielee. Mwezi wa tano hadi wa tisa ndo kusi ina nguvu, kaa ndani ya ghuba ya Kigoma nyuma ya rasi ya Bangwe.

Na kwa kuwa ziwa halikauki ukaona chini, shuka mwenyewe na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, upapase. Usiamini kumbukumbu za zamani, miaka hii maji yamepanda na kumeza misingi ya nyumba na visiki vya michikichi, na hivyo vyote viko pale pale kina cha kiunoni vinasubiri ubao wako. Kuelekea kaskazini milima inaingia ziwani wima, vifukwe ni vidogo, vingi kwenye midomo ya vijito na vina mawe. Kusini kwenye delta ya Malagarasi kuna mamba na viboko, sina la kuongeza.

Kwenye mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kama Kibirizi ongea kwanza na wenyewe, wavuvi wa dagaa wanarudi alfajiri na wanataka nafasi yao. Gombe na Mahale ni hifadhi, huko kibali kwanza ndo uguse mchanga.