Shata kwanza, tundu baadaye: kupanga mwanga kwenye kamera ya sinema

Kwenye kamera ya sinema naanza na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Nikishaipanga siigusi tena, isipokuwa kwa sababu inayohusu mwendo au taa. Picha ikizidi mwanga, dawa yake ni tundu la lenzi au filta ya ND, kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga. Aliyezoea picha za mnato hukimbilia shata kupunguza mwanga, na hapo ndipo mwendo unapoharibika.

Kamera hizi hupima shata kwa nyuzi, yaani digrii za duara. Zidisha 360 kwa idadi ya fremu kwa sekunde, kisha gawanya kwa nyuzi ulizoweka. Kwa fremu 24 na nyuzi 180 unapata 48, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa 1/48 ya sekunde. Mkono unaopungwa unaacha ukungu kidogo, na jicho linauona mwendo umeungana. Ukishuka hadi nyuzi 90 unapoteza stopu moja ya mwanga, yaani nusu yake, na ukungu unabaki nusu. Hilo linafaa kwa pambano au maji yanayoruka, lakini mtu anayetembea taratibu ataonekana anashtukashtuka.

Sababu ya pili ya kugusa shata ni taa. Umeme wa hezi 50 huzifanya taa nyingi zipande na kushuka mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/48 inakamata mapigo mawili na kipande cha la tatu, na kwa fremu 24 kipande hicho hakiangukii mahali pamoja kila fremu, kwa hiyo picha inapwita. Weka nyuzi 172.8 upate 1/50, mapigo mawili kamili. Kwenye umeme wa hezi 60, kama Marekani, weka nyuzi 144 upate 1/60. Ukirekodi fremu 25 kwenye hezi 50, nyuzi 180 zinatosha kama zilivyo. Taa za LED zilizopunguzwa kwa dima duni (kifaa cha kupunguza mwanga wa taa) ni kesi nyingine, kwa kuwa mapigo yake hayafuati umeme wa ukutani. Ukiona mistari inapanda au kushuka kwenye monita, jaribu kwanza kuiwasha taa kwa nguvu zote na kuisogeza mbali. Ikishindikana, badilisha nyuzi kidogo kidogo mpaka mistari isimame au ipotee.

Angalia pia menyu: shata yako imewekwa kwa nyuzi au kwa sekunde? Ikiwa ni sekunde, ukitoka fremu 25 kwenda 50, 1/50 inabaki palepale, na sasa ni sawa na nyuzi 360. Mwendo wa polepole utatoka umepakazika, na hakuna programu ya kuurekebisha vizuri. Ikiwa ni nyuzi, shata inajifuata yenyewe hadi 1/100, nawe unaongeza stopu moja ya mwanga.

Tukija kwenye tundu, lenzi za sinema huandikwa T badala ya f. Namba ya f ni urefu wa fokasi wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu. T inahesabu pia mwanga unaopotea kwenye vioo. Ndiyo maana unaweza kutoa lenzi ya milimita 35 na kuweka ya 85, zote zikiwa T2.8, mwanga usibadilike. Ngazi ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua inakata mwanga nusu.

Pete ya tundu haina vituo, inateleza tu. Ukitaka T4, fungua kabisa kwanza, kisha funga polepole hadi alama ikae kwenye mstari. Ukiifikia leo kwa kufunga na kesho kwa kufungua, ulegevu wa ndani ya lenzi unatosha kuzifanya shoti mbili zisilingane. Kwa mazungumzo napenda T4 kwenye sensa ya Super 35, ukubwa wa kawaida wa sinema: nyuma panalainika, na anayevuta fokasi, yaani anayeshika ukali wa picha, ana nafasi ya kufanya kazi. Kupita T11 sipendi, kwa sababu ukali wa picha huanza kushuka.

Juani, hesabu inakuwa kali. Kwa ISO 800 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na 1/50, jua la mchana linadai takriban f/64. Kutoka hapo hadi T4 ni stopu nane. ND hupunguza stopu moja kwa kila 0.3, kwa hiyo unahitaji 2.4, kwa mfano 1.2 mbili. ND nzito za kawaida hupitisha mwanga wa infraredi, na koti jeusi la nailoni linageuka kahawia. Tumia ND zinazozuia infraredi, kisha panga upya mizani ya weupe filta zikiwa tayari mbele ya lenzi, maana nyingi huongeza rangi yake kidogo.